King'ora cha Mvuvi: Kutoka Bwawa la Redmire hadi Mawimbi ya Redio

Katika historia ya uvuvi wa fimbo barani Ulaya, ni vifaa vichache vilivyobadilisha mwenendo wa mvuvi kwa kiasi kile ambacho king'ora cha samaki kimeubadilisha. King'ora hicho ni kifaa kidogo kinachosimikwa chini ya fimbo, mshipi ukipita juu yake, ili samaki anapouvuta kitoe mlio na kuwasha taa. Kwa karne nyingi mvuvi alitegemea jicho lililokazia kiboya au kidole kilichoshika mshipi, kama anavyofanya hadi leo mvuvi wa mshipi wa mkono katika mwambao wa Afrika Mashariki; lakini katika kipindi cha miaka isiyozidi sabini kazi hiyo ilihamishwa kutoka jichoni na kidoleni hadi sikioni, kisha sikio lenyewe likaruhusiwa kuwa mbali na maji kwa msaada wa mawimbi ya redio. Historia hiyo, ambayo kitovu chake ni mabwawa ya Uingereza na samaki aitwaye karpu, ina funzo moja linalojirudia katika kila hatua: kila ufundi mpya ulimwezesha mvuvi kusogea mbali zaidi na fimbo yake, na kwa sababu hiyohiyo ulimwongezea wajibu wa kuirudia upesi.

Samaki wa usiku

Ili kuelewa kwa nini king'ora kilizaliwa Uingereza na si kwingineko, ni lazima kwanza kumwelewa samaki aliyekisababisha. Karpu, ambaye wanasayansi humwita Cyprinus carpio, ni samaki wa maji baridi mwenye asili ya Ulaya ya mashariki na Asia, ambaye katika Enzi za Kati alifugwa sana katika mabwawa ya nyumba za watawa na ya mabwanyenye, kwa kuwa hustahimili maji yaliyotuama na hukua haraka. Uingereza alifika kwa kuchelewa, na kitabu cha kale kuhusu uvuvi wa fimbo kilichochapwa mwaka 1496, ambacho kwa desturi hunasibishwa na mtawa wa kike Juliana Berners, kinamtaja kuwa samaki mtamu lakini adimu nchini humo. Izaak Walton, katika kitabu chake cha mwaka 1653, alimpa cheo cha malkia wa mito na kumsifu kwa werevu, akimwonya mvuvi kwamba anayemtafuta samaki huyo hana budi kuwa na subira nyingi. Wasomaji wa Kenya wanamfahamu kwa sura nyingine, kwani tangu mwanzoni mwa karne hii karpu ameenea katika Ziwa Naivasha hadi kuwa nguzo ya uvuvi wa ziwa hilo. Lakini kule huvuliwa kwa nyavu ili aliwe, ilhali Uingereza huvuliwa kwa ndoana moja, akapimwa, kisha akarudishwa majini akiwa hai.

Werevu aliousifu Walton una sababu zake za kimaumbile. Karpu mkubwa huokota chakula chini ya maji, hukionja kwa midomo yenye hisi kali na hukitema mara anapohisi ugumu wa ndoana au mkazo wa mshipi, na katika mabwawa tulivu yanayosumbuliwa na watu mchana hupendelea kula usiku au alfajiri. Kwa hiyo mvuvi aliyemtaka alilazimika kulaza chambo sakafuni mwa bwawa, kuuacha mshipi ulegee, na kukesha gizani ambamo kiboya hakionekani. Wavuvi wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walijaribu njia mbalimbali za kulitatua tatizo hilo: wengine walibandika donge la mkate kwenye mshipi kati ya rili na tundu la kwanza la fimbo, ili donge lipande samaki anapovuta, wengine walikunja kipande cha karatasi ya fedha juu ya mshipi, ing'ae hata kwa mwanga hafifu na ichakarishe majani inapoburutwa, na wengine walifunga kengele ndogo kwenye ncha ya fimbo. Dosari ya donge na karatasi ni kwamba vilidai jicho lisilolala, na dosari ya kengele ni kwamba ililia pale tu fimbo ilipotikiswa kwa nguvu, wakati ambapo karpu mwangalifu ameshatema chambo na kwenda zake.

Mhandisi kando ya bwawa

Mtu aliyeligeuza tatizo hilo kuwa swali la uhandisi alikuwa Richard Walker, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1985. Walker alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya rada katika taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege iliyokuwa Farnborough, jambo lililomzoesha kufikiri kwa lugha ya saketi, swichi na ishara. Baada ya vita aliungana na kikundi kidogo cha wavuvi waliokuwa wakiandikiana barua kuhusu karpu, akiwamo mwandishi Denys Watkins-Pitchford ambaye wasomaji wake walimfahamu kwa herufi mbili tu, BB, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikundi hicho kikajiundia klabu ya wavuvi wa karpu. Walikataa imani iliyokuwa imeenea, kwamba karpu mkubwa hunaswa kwa bahati tu, wakaanza kuchunguza kwa utaratibu tabia za samaki, uimara wa mishipi na umbo la fimbo.

King'ora alichokibuni Walker kilikuwa sahili kwa kanuni. Mshipi ulipita kando ya kijiti chembamba cha chuma kilichosimama juu ya kisanduku, na ndani ya kisanduku hicho palikuwa na vipande viwili vya metali vilivyotenganishwa na nafasi ndogo sana. Samaki alipouvuta mshipi, kijiti kilisogea, vipande viwili vikagusana, umeme wa betri ukapita na kengele ya umeme ikalia. Kwa kuwa nafasi kati ya vipande hivyo iliweza kurekebishwa, mvuvi angeweza kuamua mshipi uvutwe kiasi gani kabla ya mlio kutoka. Na hapo ndipo lilipozaliwa wazo la usikivu wa king'ora, ambalo hadi leo ndilo jambo la kwanza linalorekebishwa katika kifaa cha aina hii.

Thamani ya ubunifu huo ilidhihirika katika bwawa la Redmire, lililoko Herefordshire karibu na mpaka wa Uingereza na Wales, ambalo ukubwa wake ni takriban ekari tatu na ambalo lilipandikizwa karpu wachanga mwaka 1934. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 13 Septemba 1952, Walker akiwa huko pamoja na mwenzake Pete Thomas, king'ora cha moja ya fimbo zake kililia gizani. Baada ya mapambano ya kumtoa samaki kwenye magugu, Thomas alimnasa kwa wavu wa mkono karpu mwenye uzito wa ratili 44, yaani karibu kilo 20, uzito ulioivunja rekodi ya nchi kwa tofauti kubwa. Samaki huyo alipelekwa akiwa hai katika hifadhi ya wanyama ya London, akaishi humo hadi mwaka 1971, na umati wa watu waliomwona nyuma ya kioo ulitosha kuthibitisha kwamba karpu mkubwa anaweza kuvuliwa kwa makusudi. Mwaka uliofuata Walker alichapisha kitabu chake kuhusu uvuvi wa maji yaliyotuama, ambamo alifafanua kanuni zake kwa uwazi hata mafundi wa nyumbani wakaweza kujitengenezea ving'ora vyao.

Kutoka mguso hadi mwanga

Kwa takriban robo karne iliyofuata, ving'ora vilivyouzwa madukani, maarufu zaidi kikiwa kile kilichoitwa Heron, vilifuata kanuni ileile ya kijiti na mguso. Vilifanya kazi, lakini vilikuwa na kasoro tatu zilizowachosha watumiaji: upepo uliousukuma mshipi ulitosha kuvifanya vilie bure, unyevu wa usiku uliziwekea kutu sehemu za kugusana, na zaidi ya yote, mlio wao ulikuwa wa aina moja tu, ukisema kwamba mshipi umesogea bila kueleza umesogea kiasi gani, wala kwa kasi gani.

Kasoro hizo zilipata jibu mwishoni mwa miaka ya 1970, kilipotokea king'ora cha Optonic. Katika kifaa hicho mshipi ulipita juu ya gurudumu dogo, na gurudumu likazungusha mapanga membamba ambayo yalikatiza mwali wa mwanga uliokuwa ukielekezwa kwenye kihisi, yaani kipande kinachobadili mwanga kuwa umeme. Kila mwali ulipokatizwa, king'ora kilitoa mlio mmoja mfupi, hivyo milio ikawa kipimo cha urefu wa mshipi uliopita: mlio mmoja au miwili iliashiria samaki aliyegusa mshipi au kudonoa chambo, na mfululizo wa milio isiyokatika uliashiria samaki aliyekwishanaswa na anayekimbia. Kwa mara ya kwanza mvuvi aliyekuwa amelala hemani aliweza kujua, kabla hajafumbua macho, kinachotendeka chini ya maji, na hatua hiyo ndiyo iliyokifanya king'ora kiwe chombo cha kusomea mwenendo wa samaki, si kengele ya kuamshia tu.

Mabadiliko mengine ya wakati huo yaliongeza umuhimu wa kifaa hiki. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, Lenny Middleton na Kevin Maddocks walibuni mtego wa unywele, ambao ulijulikana kwa umma mwaka 1981, na ambao ndani yake chambo hakichomwi na ndoana bali huning'inizwa karibu nayo kwa uzi mwembamba. Karpu anapokivuta chambo mdomoni, ndoana iliyo tupu huingia pamoja nacho, na anapojaribu kukitema hujichoma mwenyewe. Kisha anapohisi uzito wa chubwi, yaani kipande cha madini kinachoshikilia mshipi sakafuni, hushtuka na kukimbia. Kabla ya hapo king'ora kilimwambia mvuvi kwamba wakati wa kuivuta ndoana umekaribia. Baada ya hapo kilimwambia kwamba samaki ameshanaswa na anasubiri kushughulikiwa. Tofauti hiyo ni kubwa kimaadili, kwa sababu samaki aliyejinasa hawezi kungoja: kila sekunde inayopita humpa nafasi ya kujizungusha kwenye magugu au mizizi, mshipi ukakatika, na ndoana ikabaki mdomoni mwake.

Miaka ya 1990 ilileta njia nyingine, hasa kupitia ving'ora vya Delkim, ambavyo havikutegemea mzunguko wa gurudumu bali mtetemo. Chini ya mahali mshipi unapopita huwekwa kipande cha piezo, yaani mata inayozalisha umeme kidogo inapotikiswa, na kwa njia hiyo hata msuguano hafifu wa mshipi husikika. Watengenezaji wengine waliendelea na gurudumu, lakini badala ya mwanga wakatumia sumaku ndogo zinazozunguka mbele ya swichi zinazofungwa kwa nguvu ya sumaku, na kwa kuweka swichi mbili zinazofungwa kwa zamu, kifaa kikaweza pia kutambua iwapo mshipi unakwenda mbele au unarudi nyuma.

Waya zaondolewa

Katika enzi ya Optonic sauti haikutoka kwenye king'ora chenyewe kila mara. Wavuvi wengi waliunganisha vichwa vya ving'ora kwa nyaya na kisanduku cha sauti kilichowekwa karibu na kitanda, ili mlio usiwasumbue majirani na ili uweze kusikika mvua inapopiga juu ya hema. Nyaya hizo zilikuwa chanzo cha usumbufu usiokwisha: ziliingia maji kwenye viungio, zilikatika ndani ya ngozi zao bila kuonekana, na zilimnasa miguu mvuvi aliyetoka hemani mbio gizani. Haja ya kuziondoa haikutokana na anasa, na teknolojia ya redio ya nguvu ndogo, iliyokuwa tayari ikitumika katika funguo za magari na kengele za milango, ilikuwa imekomaa vya kutosha kuikidhi.

Kanuni ya king'ora kisichotumia waya ni rahisi kueleza. Ndani ya kila king'ora huwekwa kisambazaji, yaani saketi inayogeuza ishara ya kihisi kuwa mawimbi ya redio, na mvuvi hubeba kipokezi kinachoyapokea mawimbi hayo na kuyageuza tena kuwa mlio, mwanga wa rangi au mtikisiko. Barani Ulaya vifaa vingi vya namna hii hutumia masafa ya karibu megahezi 433, ambayo yametengwa kwa vifaa vidogo visivyohitaji leseni. Urefu wa wimbi katika masafa hayo ni karibu sentimita 69, na antena yenye robo ya urefu huo, yaani takriban sentimita 17, inatosha. Ndiyo maana, antena hiyo ikiviringishwa, kipokezi kinaweza kuingia mfukoni. Kwa kuwa masafa hayo hutumiwa na vifaa vingi, kila kisambazaji hutuma pia namba ya utambulisho ambayo kipokezi kimefundishwa kuitambua, na bila namba hiyo wavuvi kumi waliopanga ukingo mmoja wangeamshwa wote na samaki wa mmoja wao.

Namna ya kukisimika na kukitumia

Utaratibu wa kusimika kifaa hiki umekuwa karibu sawa popote karpu anapovuliwa kwa namna ya Kiingereza. Kwa kila fimbo huchomekwa vigingi viwili: cha mbele hubeba king'ora, ambacho juu yake kina umbo la panda linaloipokea fimbo, na cha nyuma hushikilia mpini. Vigingi huzamishwa hadi vikaze kabisa, kwa sababu kigingi kinacholegea hutikisika kwa upepo na kuleta milio ya uongo, na panda ya nyuma hupaswa kushika mpini barabara, ili samaki mwenye nguvu asiiburute fimbo majini. Baada ya kurusha chambo na kuondoa ulegevu uliozidi, mshipi hulazwa kwenye mfereji wa king'ora, na kati ya king'ora na rili huning'inizwa kizito kidogo chenye rangi kali. Kazi ya kizito hicho ni kuonyesha mwelekeo: kikipanda, samaki anakwenda mbali, kikishuka, samaki anaelekea ukingoni na mshipi unalegea, jambo ambalo king'ora peke yake huenda kikalitangaza kwa mlio mmoja tu wa kupuuzika.

Hatua inayofuata ni kukifundisha kipokezi. Mvuvi hukiweka katika hali ya kujifunza, huchagua taa ya rangi inayolingana na fimbo, kisha huvuta mshipi juu ya king'ora mpaka kipokezi kiitikie. Na ving'ora vingi hupewa sauti tofauti, nyembamba kwa fimbo ya kushoto na nzito kwa ya kulia, ili mtu aliyeamka ghafla ajue aende kwenye fimbo ipi. Usikivu hurekebishwa kulingana na hali ya maji: katika bwawa tulivu ambalo samaki wake ni waangalifu huongezwa, ilhali kwenye upepo au mkondo hupunguzwa hadi milio ya bure inyamaze. Kosa la kawaida ni kuupunguza usikivu kupita kiasi ili kupata usingizi, kwani hapo mshipi mrefu huweza kupita kabla mlio wa kwanza haujatoka.

Hatimaye husalia jaribio ambalo halipaswi kurukwa. Uwezo wa mita 100 au 200 ambao watengenezaji huuandika kwenye maboksi hupimwa mahali pa wazi, na majani yaliyolowa, kingo zilizoinuka, mwili wa mtu na betri iliyochoka huupunguza sana. Kwa hiyo mvuvi mwangalifu hukiweka kipokezi mahali hasa atakapolala, humwomba mwenzake avute mshipi wa kila fimbo kwa zamu, husikiliza, na hubadilisha betri kabla ya giza kuingia. Vipokezi vingi vya sasa hutoa onyo mawasiliano na king'ora yanapokatika, lakini onyo hilo si mbadala wa jaribio.

Uhuru na mipaka yake

Haikukosekana sauti iliyopinga mwelekeo huu wote. Tarehe 16 Juni 1980, katika bwawa lilelile la Redmire, Chris Yates alivua karpu wa ratili 51 na nusu, yaani zaidi ya kilo 23, akaupita uzito wa samaki wa Walker, naye alifanya hivyo kwa fimbo ya mwanzi na punje za mahindi matamu. Katika maandishi yake ya baadaye Yates aliutetea uvuvi wa kiboya na wa kutazama, akishikilia kwamba mvuvi anayeuachia umeme kazi ya kuangalia hupoteza sehemu bora ya burudani yake. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa Walker mwenyewe hakukitengeneza king'ora ili kumwondoa mvuvi ukingoni. Alikitengeneza ili mvuvi aliyepo ukingoni aweze kufanya kazi gizani.

Sheria ya uvuvi ya Uingereza imeukabili ubishi huo kwa njia ya vitendo. Inamruhusu mtu anayevua karpu kutumia hadi fimbo nne kwa wakati mmoja akiwa na leseni zinazotakiwa, lakini inamkataza kuiacha fimbo yenye chambo majini bila uangalizi au mahali ambapo hawezi kuidhibiti ipasavyo. Kipokezi kilicho mfukoni hakibadilishi sharti hilo hata kidogo. Mtu anayekunywa chai kwenye hema la jirani umbali wa mita 150 huusikia mlio papo hapo, lakini mawimbi ya redio hayambebi hadi kwenye fimbo. Atafika baada ya nusu dakika au zaidi, na kwa samaki anayekimbilia mizizi muda huo ni mrefu mno.

Kwa muhtasari, historia iliyoanza na donge la mkate na karatasi ya fedha, ikapitia kijiti cha Walker, mwali wa Optonic na piezo ya Delkim, hadi kufikia mawimbi ya megahezi 433, ni historia ya maendeleo ya kweli ambayo yamewapunguzia wavuvi mateso ya kukesha na kuwapa elimu mpya kuhusu samaki wao. Hata hivyo, redio imerefusha masikio tu, haikurefusha mikono. Kipimo cha haki cha umbali wa mvuvi na fimbo yake hakiandikwi kwenye boksi la king'ora. Ni umbali ambao miguu yake inaweza kuumaliza kabla samaki hajaumia, na kila anayekisimika kifaa hiki anapaswa kuupima umbali huo kwanza, kabla ya kupima nguvu ya mawimbi.